Mfuniko wa Majivu ya Mpunga

Kwa maneno ya Pélagie mwenyewe, muuza mandazi wa machimboni, na Pélagie ni mtu wa kula kiapo hata anapokuambia mandazi yake yameiva, mambo yalikwenda hivi.

Alitoka kisimani asubuhi, ndoo kichwani, ukungu bado umelalia mashimo. Akapita karibu na lile shimo lililofungwa. Akasikia: ko. Kisha tena: ko, ko. Kama mtu anayegonga mlango wa jirani huku anaona haya kumwamsha.

Akajiambia ni mashini ya kusaga mawe. Lakini mashini ilikuwa bado haijawashwa.

Ko, ko. Chini ya miguu yake mwenyewe.

Halafu sauti ya mwanamume, nyembamba kama uzi: "Maji."

"Maji, nakuambia!" Pélagie alijipiga kifua. "Naapa kwa mama yangu mwenye kuwa Bukavu. Nikamwaga ndoo yote pale pale juu ya simenti, pruuu! Na ile sauti ikanyamaza sawa mutu amekunywa, ameshiba."

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, wasomaji wangu: Pélagie anatetemeka, vitenge vimelowa, na mbele yake Waridi, bidoni ya njano ya maji mkononi, hajui aiweke chini au akimbie nayo.

Aliyechukua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza asihangaike, nitamweleza upesi.

Waridi ni mtu wa Kasongo, mjane wa Nourdine. Nourdine alikwenda kuchimba dhahabu Kambungu, shantie ya wachimbaji iliyojificha msituni upande wa Wamaza, huku kwetu Kabambare. Mvua za mwaka jana zikaja, na Placide, mwenye shimo, ambaye wachimbaji wanamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, akafika Kasongo kwa pikipiki, kofia mkononi. Alisema galeri, ile njia ya chini ya ardhi, imeanguka kabisa. Nourdine na wenzake wamebaki humo. Hakuna njia ya kuwafikia.

Watu wakaswali bila jeneza. Baada ya eda, Bi Hawa, mama yake Nourdine, akamwita mkwe wake chumbani akamwambia neno moja tu.

"Sikupewa kumwosha mwanangu. Basi umufunike. Mutu asije kusukuma mifupa yake pembeni ju ya dhahabu."

Waridi akaapa. Alijua Bi Hawa anaongea habari gani. Machimboni shimo lililoua haliachwi muda mrefu. Miezi michache ikipita, wengine wanashuka, wanasogeza waliotangulia, kazi inaendelea.

Lakini ufunike shimo kwa nini? Simenti ya Kalemie ikifika Kambungu mgongoni mwa pikipiki, mara nyingi imekwisha kugeuka jiwe ndani ya mfuko wake. Waridi akatumia alichokijua. Nyuma ya mashini ya kukoboa mpunga ya baba mkwe, pale Kasongo, makapi ya mpunga yamelundikana kama vilima. Watu wanayatupa, mbuzi wanayalalia. Mafundi waliokuja kujenga darasa moja karibu na hapo walimfundisha: yachome polepole mpaka majivu yawe meupe, uyachekeche, uyachanganye na chokaa, na utapata kitu kinachoshika mawe. Akajaza magunia, akamchukua Sumaili, mdogo wake Nourdine, wakapanda pikipiki mbili.

Kule Kambungu akaongeza unga wa mawe kutoka kwenye lundo la mashini ya kusagia, ule ambao dhahabu imekwisha kutolewa, hauna kazi tena. Lundo la karibu na meza za kuoshea alilikataa, maana lile limelishwa zebaki. Placide alikuwa amekataza mtu kushuka, basi wakapanga magogo juu ya mdomo wa shimo, wakamwaga, wakasawazisha.

Na simenti hii ina tabia yake. Inachelewa kukauka. Inataka kulowa siku hata siku, gunia bichi juu, maji asubuhi, maji jioni, ndipo ipate nguvu. Wachimbaji wakamwona mjane anamwagia maji kaburi la mume wake kila kukicha. Kasongo pia kaburi jipya humwagiwa maji. Wakakata shauri wenyewe: wafu wa shimo lile wana kiu.

Basi wakaanza kuleta. Huyu bidoni, yule chupa. Kijana mmoja wa Uvira alimwaga nusu ya bia yake na kuomba radhi kwa nusu aliyoinywa. Asubuhi nyingi Waridi alikuta mfuniko umelowa kabla hajamwaga tone. Hakuwakataza. Aliona ni heshima kwa marehemu, na simenti ilikuwa inafaidi.

Sasa turudi pale tulipoachana.

"Pélagie," Waridi alisema polepole, "mi sinyweshe wafu. Nanywesha simenti."

"Simenti inakunywaka?"

"Inakunywa."

"Ehe! Basi leo imesema yenyewe, 'Leta ingine.'" Pélagie alijaribu kucheka. Kicheko kikavunjika katikati. "Dada, usiniangalie vile. Mi mukristu, siko mulevi, na masikio yangu iko mbili."

Waridi aliweka bidoni chini. Akapiga magoti pembeni ya mfuniko, akaondoa gunia, akalaza sikio juu ya simenti yenye baridi.

Kimya.

Alisikia damu yake mwenyewe. Alisikia Pélagie anapumua kwa mdomo.

"Hakuna kitu," akasema.

Ko.

Waridi hakuinuka.

Ko, ko. Kilikuwa chuma juu ya mti. Karibu sana, unene wa magogo tu kati yake na shavu lake. Kisha, ndani ya simenti yenyewe, kama inatoka kwenye jino lake, sauti:

"Waridiii."

Vile vile Nourdine alivyokuwa akivuta mwisho wa jina lake, akiwa upande wa pili wa uwanja wa kuanikia mpunga, mikono imejaa, anataka afunguliwe mlango.

Pélagie alikuwa amekwisha kufika mbali, anapiga kelele njiani: "Wameamka! Yesu Maria, wameamka!"

Na Waridi, pale alipolala, alipitiwa na wazo. Maji yale yote ya asubuhi na jioni, alikuwa akiyamwaga juu ya kinywa cha nani? Kila alipoinua bidoni, kuna mtu aliyekuwa akiomba chini?

Haiwezekani. Tangu mvua za mwaka jana. Hakuna mtu anayeishi hivyo.

Lakini sauti ile haikuuliza kama inawezekana.

* * *

Watu walikuja mbio, na walipofika karibu, miguu ikapata uzito. Wakasimama duara pana, hakuna aliyetaka kuwa wa mbele.

"Ni kweli inaongea?"

"Muulize muke wake."

"Muulize wewe, ulimupatia bia."

Waridi aliinuka, unga wa mawe umepaka upande mmoja wa uso. "Nileteeni baramini," akasema. Baramini ni kile chuma kirefu cha kuvunjia mwamba. "Nafungua."

Kabla mtu hajatikisika, Placide akapasua duara. Suruali safi, buti safi, mwanamume ambaye siku nyingi hajashuka shimo.

Sasa mnakumbuka Placide huyu. Tangu siku ya kwanza kazi yake ilikuwa kumcheka Waridi. Alimwita Madame Makapi. Alisema mfuniko ule ni uji wa mtoto, ataufungua kwa kisigino siku atakapotaka. Waridi alikuwa amejiandaa kupigana naye mpaka mwisho ili asilifungue shimo.

Na leo Placide alikwenda moja kwa moja, akasimama juu ya mfuniko kwa miguu yote miwili.

"Hakuna mutu wa kufungua hapa."

Waridi alimkodolea macho. "Unasema je?"

"Nasema hawa walikufa, mama. Waliswaliwa, waliombewa. Mufu akiita, hauitike. Ukiitika, unamufuata. Nani hapa hajui ile?"

Manung'uniko yakapita. Wengi walilijua neno hilo. Wachache waliolijaribu hawapo kulisimulia.

"Juzi ulisema ni uji wa mutoto," Waridi akasema. "Ulisema utavunja na kisigino."

"Nilikuwa nacheka."

"Leo sababu gani haucheke?"

Placide alipanguza jasho, na jua lilikuwa bado halijatoka vizuri. "Wee mwenyewe uliapa kwa mama mukwe, ama? Dunia yote inajua. Afunikwe, asichimbwe. Sasa leo unataka kuvunja kiapo ju ya Pélagie alisikia panya?"

"Panya haijue jina yangu."

Ko, ko, ko.

Duara likarudi nyuma kama maji. Placide aliruka kutoka juu ya mfuniko, na kuruka kwake kulimwonyesha Waridi jambo moja: mtu huyu hakuogopa mzimu. Alitazama chini kama mtu anayemsikia mgeni asiyemwalika.

Ndipo kijana mmoja akaanza kulia.

Alikuwa Aganze, mchimbaji wa shimo la jirani, lile lililo nyuma ya kibanda cha Pélagie. Alikuwa ameshika kofia yake ya tochi, anaipinda pinda.

"Dada," akasema, "si mufu."

"Aganze, funga mudomo," Placide akasema.

"Si mufu, dada. Ni Sumaili."

Waridi akamgeukia Aganze. "Sumaili iko Wamaza. Jana nilimutuma chokaa."

"Hakwenda. Alikuja kwangu. Alisema, 'Aganze, galeri yako iko karibu na shimo ya kaka. Nipitishe.' Tulitoboa toka juma ile ingine, kwa siri. Jana jioni alipenya peke yake, mimi nikabaki nyuma namushikia taa. Udongo ikaanguka kati yetu. Puu! Nikachimba na mikono." Akaionyesha. Kucha hazikuwapo, kulikuwa na damu kavu na udongo. "Nikajua amekufa. Nikaogopa kusema. Niliona kama ni mimi nimemuua."

"Alitaka nini kule? Dahabu?"

"Kaka yake, dada. Alisema mama yao hajamushika. Alisema hata kidole moja, aipeleke Kasongo, mama aioshe."

Mtu hahitaji kuelezwa zaidi. Chini ya mfuniko wa Waridi kuna mtu hai, na hewa ya shimo lililofungwa si ya kukaa nayo. Pélagie alimwagia maji alfajiri akidhani anamnywesha mfu, naye akanyamaza kwa sababu pumzi ilikuwa inamwisha.

Aganze alikwisha leta baramini. Waridi akaichukua. Alimwona Bi Hawa amekaa kitandani, mikono juu ya mapaja, anasubiri habari moja tu katika dunia hii: kwamba mwanawe amefunikwa.

"Mama, unisamehe," akasema. Akapiga.

Baramini ikalia kama kengele ya shule. Ikarudi na kumtetemesha mpaka mabega. Juu ya simenti kilibaki kidoa cheupe, ukubwa wa ukucha.

Akapiga tena. Kidoa cha pili.

"Si ulisema inachelewa kukauka?" Aganze akauliza.

"Inachelewa." Waridi alipitisha kidole. Siku zile chache, kwa hesabu yake, ilipaswa bado kukubali msumari. Akatazama nyuso zilizomzunguka, yule wa bidoni, yule wa chupa, yule wa bia, na akaelewa. Walimnywesha marehemu asubuhi na mchana, wakamnywesha na usiku walipoogopa ndoto zao. Hakuna simenti iliyopata kulelewa vile katika Kabambare yote. Kwa huruma yao walimfungia Sumaili mlango wa jiwe.

"Katikati haitavunjika," akasema. "Tupige pembeni, pale gogo inakutana na udongo. Mukuje!"

Hakuna aliyesogea.

"Mukuje! Ni mutu! Ni ule anawapigiaga muziki ya simu yake jioni!"

Placide akashika baramini upande wa pili. "Achia."

"Iko muzima, Placide."

"Ukifungua shimo hii bila mimi kuruhusu, hautafika Kasongo. Ni shimo yangu."

"Basi kama uko na mulango ingine, ingia ukamutoe."

Wakavutana. Placide ni mtu mzito. Chuma kilianza kumponyoka Waridi kiganjani. Na hapo, wasomaji wangu, akatokea yule ambaye hakuna aliyemtegemea. Pélagie alirudi na sufuria yake ya mandazi, mvuke unapanda, kaishika kwa vitambaa viwili.

"PDG," akasema kwa adabu kubwa, "haya mafuta imetoka motoni sasa hivi. Mukono yangu iko natetemeka tangu asubuhi. Usinisogelee, nitakosea."

Mtu mmoja akacheka kwa woga. Placide akaachia.

Kicheko kile ndicho kilichowafungua. Yule wa Uvira akaja na nyundo. Wengine wakaja na majembe, na wakaanza kula udongo pembeni ya mfuniko. Aganze alichimba na mikono ile ile, mpaka walipomsukuma kando kwa nguvu. Chini, kugonga kulikuwa kumekuwa kwa mbali mbali. Ko. Kisha muda. Kisha muda mrefu zaidi.

"Sumaili!" Waridi aliita kwenye ufa. "Shemeji! Gonga, nisikie!"

Hakuna.

"Gonga!"

Gogo la pembeni likalia, likapasuka. Kipande cha simenti kikaning'inia, kikashuka gizani. Wakangoja kisikike kinafika chini, na kabla hakijafika, kupitia tundu ukatoka mkono.

Mweupe wote, kama umetengenezwa na majivu. Ulipapasa hewa, ukamkamata Waridi kifundo cha mkono.

Alipiga kelele. Hata mimi ningepiga. Kisha akaushika kwa mikono miwili, wengine wakamshika yeye kiunoni, wakavuta. Kichwa kikapita. Bega likakwama, likapita. Sumaili akalala juu ya mfuniko wa shemeji yake, mdomo wazi kama samaki, na Pélagie akaweka sufuria chini na kumwagia usoni maji ya nani sijui.

* * *

Alikohoa udongo kwanza. Waridi alikuwa amempakata kichwa, anampangusa macho kwa ncha ya kitambaa, na midomo yake inasema alhamdulillahi bila kutoa sauti.

"Shemeji," alisema Sumaili mwisho. Sauti yake ilikuwa kama karatasi inayochanwa.

"Nyamaza. Pumuzika."

"Nilipanda juu ya miti ya ukuta. Nikagonga na nyundo. Nikasema watasikia."

"Tulisikia. Pélagie alisikia ukiomba maji. Na mi nilisikia ukiniita."

Sumaili alimtazama. "Nilikuita?"

"Jina yangu. Ukavuta mwisho, sawa Nourdine alikuwa anavuta. Sauti yenu iko moja."

"Shemeji, mi niligonga tu." Akagusa koo lake. "Udongo ilijaa mudomo tangu jana. Ningeita na nini?"

Pélagie akafanya ishara ya msalaba, polepole, kama mtu anayejifunika blanketi.

Waridi hakutaka kulitazama jambo lile. Alilisogeza kando, kama unavyosogeza mlango ambao hutaki kujua kama umefungwa vizuri. Kulikuwa na swali lingine, na ndilo lililompeleka Sumaili chini.

"Ulimuona?"

Sumaili alifumba macho.

"Shemeji, ulimuona kaka yako?"

"Hakuna."

"Udongo ilimufunika?"

"Hakuna udongo." Aliinuka kwa kiwiko, na watu wakainama kusikia. "Ile iliyoanguka ni njia yetu na Aganze. Galeri ya kaka haikuanguka. Iko wazi. Miti yake yote imesimama, hata moja haijapinda. Nilitembea na tochi mpaka mwisho wake. Nyundo zimeegemezwa ukutani. Karai ziko juu ya karai. Na viatu, shemeji. Viatu vyao viko vimepangwa, jozi na jozi, sawa mulangoni mwa musikiti. Cha Nourdine nilikijua, kile cha kamba ya nyekundu. Viatu viko. Watu hakuna. Hata mufupa."

Waridi alitazama tundu. Kutoka humo ilitoka hewa baridi, hewa ya mahali pasipo na mtu. Alikuwa amechoma vilima vya makapi. Alikuwa amebeba magunia mpaka mgongo ukachubuka. Alimwaga maji, na kuzungumza na simenti ile asubuhi akidhani hakuna anayesikia, akaiambia habari za nyumbani, nani kaoa, mpunga umetoka namna gani. Bi Hawa amelala usingizi kwa sababu ya mfuniko huu.

Na chini yake palikuwa patupu tangu mwanzo.

Akainua macho kumtafuta mtu mmoja tu.

Placide alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye pikipiki yake. Ufunguo ulikuwa umekwisha ingia, mguu uko juu ya kiki. Lakini hakuikanyaga. Watu walikuwa wamegeuka wote pamoja, na nyuso zao zilimshikilia pale kama kamba.

"PDG," Aganze akasema, na safari hii hakulia. "Ni wewe ulileta habari. Ulisema uliona kwa macho galeri imekaa juu yao."

"Ulikaa kilio pamoja na sisi," Sumaili akasema kutoka chini. "Ulishika mukono ya mama."

Waridi alimlaza kichwa juu ya gunia bichi, akasimama. Mtu mmoja akamnyoshea baramini. Hakuichukua. Alitembea mpaka akafika mbele ya pikipiki, akaweka viganja vyake, vilivyopasuka kwa chokaa, juu ya usukani.

"Placide." Siku zote alikuwa akimwita bwana. "Siulize sababu gani ulidanganya. Ile utawaambia wengine. Siulize ulipata nini. Mi nina neno moja."

Alingoja amtazame. Placide alikuwa anatazama buti zake.

"Kama alikufa, unipeleke pahali analala, nimufunike. Kama alitoka humu na miguu yake, bila viatu, unionyeshe njia alipita. Unionyeshe tu. Kwa kidole. Sitasema ni wewe."

Bondeni mtu asiyejua lolote aliwasha mashini ya kusaga mawe. Unga mweupe ukapanda juu ya miti, ukaanza kuwashukia wote, juu ya nywele, juu ya kope, juu ya kofia ambayo Placide alikuwa ameivua na kuishika kifuani.

"Placide, kwa kidole tu," Waridi akasema.